Nyota changa, na mashua zilizotoka ufuko mmoja

Msomaji, kama wewe ni mkazi wa Nairobi, Mombasa au Kisumu mjini, huenda ni siku nyingi hujaziona nyota sawasawa. Taa za barabarani zimekuziba macho, na hata umeme unapopotea mtaani hukimbilia kutafuta mshumaa badala ya kutoka nje ukatazama juu. Basi siku ukipata nauli, fika Muhuru Bay, kule mwisho kabisa wa Kaunti ya Migori, mahali ambapo Kenya inachovya kidole chake cha mwisho katika Ziwa Victoria kabla ya kuanza kwa Tanzania. Nenda siku za giza, mwezi usipokuwepo. Uketi ufukoni baada ya mlo wa jioni. Utaona mbingu mbili, moja juu na nyingine chini.

Hiyo ya chini ni taa za wavuvi wa omena, samaki wadogo ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Omena huvutwa na mwanga, ndiyo maana mwezi mpevu ukiwaka mashua nyingi hupumzika, kwa kuwa taa haiwezi kushindana na mwezi. Lakini usiku wa giza ziwa lote humetameta kama mji, na mgeni asiyejua huweza kudhani ng'ambo kuna barabara na maduka.

Nilifika huko mwezi wa Agosti, marufuku ya kuvua omena ya kila mwaka, inayoanza Aprili hadi mwisho wa Julai, ikiwa imekwisha. Nilikuwa na mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, ambaye alikuwa amefika mahali pa kuchagua masomo na alikuwa amekata shauri kuacha fizikia. Sababu yake? Mtu mzima mmoja alikuwa amemwambia kwamba fizikia ni somo la wavulana, tena wavulana wa mjini. Sikubishana naye. Mtoto wa dada yako ukimhubiria sana hukuitikia "ndiyo, mjomba" na moyoni ameshafunga mlango.

Tuliketi na mzee mmoja mwenye mashua mbili, ambaye miguu yake haimruhusu tena kwenda majini. Alikuwa akitazama taa na kuzitaja moja moja kama mtu anayehesabu mifugo yake. Hizi zimetoka hapa, zile zimetoka ufuko wa pili, zile kule mbali si zetu.

"Babu," mpwa wangu akamwuliza, "unajuaje zilizotoka pamoja, na zote ni taa tu?"

"Nyathina," mzee akajibu, ndiyo kusema mwanangu, "zilizotoka sasa hivi bado zimebanana. Zilizotoka mapema zimetawanyika. Tazama zile tano, zimepeana migongo. Zirudishe nyuma polepole kwa akili yako. Zinakutana wapi?"

Msichana akafumba jicho moja, akanyoosha kidole. "Pale penye mti."

"Basi. Zilitoka pale. Na ukijua mwendo wa kasia, utajua zilitoka saa ngapi."

Mtoto akanyamaza kidogo, kisha akainua uso. "Na zile za juu, Babu? Nani anajua zilitoka lini?"

Mzee akacheka. "Hizo mwulize mjomba wako. Yeye ndiye mtu wa magazeti."

Nami, msomaji, nilikuwa sina jibu. Nilirudi mjini na deni, na haya unayoyasoma ndiyo malipo yake.

HOMA YA UJANA

Nyota nazo huzaliwa. Hutokea katika mawingu makubwa ya gesi na vumbi yanayoelea angani. Sehemu ya wingu ikizidiwa na uzito wake yenyewe, hujikunja na kujibana hadi kitovu chake kiwake moto. Aghalabu nyota haizaliwi peke yake. Wingu moja huzaa makumi, mamia, hata maelfu ya nyota kwa mkupuo, kama vifaranga wa tundu moja. Baadaye wingu hutawanyika, na watoto hushika kila mmoja njia yake.

Shida ni kwamba nyota ya miaka milioni 20 na nyota ya miaka bilioni 4, ukizitazama kwa macho, zote ni nukta za mwanga. Hazina mvi. Utajuaje iliyo changa?

Dalili ya kwanza ni homa. Nyota changa huzunguka kwa kasi kama pia. Jua letu, ambalo lina umri wa miaka bilioni 4.6, huchukua siku 25 hivi kujizungusha mara moja pale kiunoni. Nyota iitwayo AB Doradus, iliyo umbali wa miaka 49 ya nuru kutoka kwetu, huchukua muda wa saa 12 na dakika chache tu. Mzunguko huo wa kasi huikoroga gesi iliyo ndani ya nyota na kuzaa nguvu kubwa za sumaku. Nguvu hizo hujipinda na kukatika juu ya uso wa nyota, na kila zikikatika huichemsha gesi nyembamba inayoizunguka. Uso wa Jua una joto la nyuzi 5,500 hivi, lakini utando wa gesi ulio juu yake hupita nyuzi milioni moja. Kwa nyota changa utando huo hufikia milioni 10 na kuzidi.

Kitu chenye joto kali namna hiyo hakitoi mwanga wa kawaida tu. Hutoa eksirei. Naam, ile ile ambayo daktari humulika kifua chako au mguu uliovunjika. Na kadiri nyota inavyozeeka, upepo wake wa gesi huipunguzia mwendo, mzunguko hupoa, sumaku hulegea na eksirei hufifia. Jua letu lilipokuwa changa lilitoa eksirei mamia ya mara kuliko linavyotoa leo. Kwa hiyo ukiona nyota ya kawaida inawaka kwa eksirei kupita kiasi, una sababu ya kushuku kwamba ni kijana.

Hapa nieleze jambo moja kabla sijaendelea. Mwaka wa nuru si muda, ni umbali. Ni masafa ambayo nuru husafiri kwa mwaka mmoja, yaani kilomita trilioni 9 na nusu hivi. Usijaribu kuufikiria kwa matatu, utachoka.

UHURU ILIYORUSHWA NGOMENI

Sasa, eksirei za nyota hazifiki ardhini. Angahewa yetu huzimeza zote, na ni heri, maana zingetudhuru. Ili kuziona lazima upande juu ya hewa. Tarehe 18 Juni 1962 Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyezaliwa Italia na kufanya kazi Marekani, pamoja na wenzake, walirusha roketi yenye vipimo vya eksirei. Ilikaa juu dakika chache tu kisha ikaanguka, lakini katika dakika hizo iligundua kitu kinachotoa eksirei kwa wingi mno katika kundi la nyota tunaloliita Nge. Ndiyo iliyofungua mlango. Ila huwezi kuichunguza nyumba kwa kuchungulia dirishani dakika tano. Ilihitajika setilaiti ya kukaa huko juu ikitazama usiku na mchana.

Na setilaiti hiyo, msomaji, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo peke yake, ilirushwa wapi? Haikuwa Florida, wala Urusi. Ilirushwa Kenya.

Ukipita Malindi kuelekea kaskazini utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi kwenye Ghuba ya Ungwana. Baharini, mbali kidogo na ufuko, Waitalia chini ya Profesa Luigi Broglio walisimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu mirefu iliyokita chini ya bahari. Jukwaa la kurushia waliliita San Marco. Walipapenda kwa sababu pako karibu na ikweta, ambapo dunia inajizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure. Tangu 1967 hadi 1988 setilaiti tisa zilipaa kutoka jukwaa hilo.

Tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Marekani aina ya Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa na setilaiti ya kilo 140 hivi, uzito wa watu wazima wawili. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoikaribisha iliitwa Uhuru. Si tafsiri. Neno lenyewe la Kiswahili ndilo limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo, na wanafunzi wa Tokyo na Chicago hulitamka kila mmoja kwa ulimi wake.

Na nani alisimamia mradi huo kwa upande wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA? Ni mhandisi wa umeme Marjorie Townsend, mwanamke. Ndiye aliyeichagulia jina. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, nikamkumbuka yule mtu mzima na fizikia yake ya wavulana.

Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973. Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana angani vilikuwa vichache mno. Orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilikuwa na 339. Ndiyo iliyosaidia kuonyesha kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 hakielezeki kwa urahisi ila kwa kukubali kwamba ni shimo jeusi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Nisikudanganye, hata hivyo. Jicho la Uhuru lilikuwa butu kuziona nyota changa tunazozizungumza. Iliona majitu tu. Darubini ya Einstein iliyorushwa 1978 ndiyo iliyodhihirisha kwamba nyota za kawaida nazo hutoa eksirei, na kwamba zilizo changa hutoa kwa fujo. Kisha ikaja ya Wajerumani, ROSAT, iliyorushwa tarehe 1 Juni 1990. Hiyo iliipitia mbingu nzima kama mtu anayefagia ua, na ikaleta vyanzo zaidi ya 100,000. Miaka ya karibuni kifaa kingine cha Wajerumani, eROSITA, kilichopaa 2019, kimetoa orodha ya karibu vyanzo 900,000 kutokana na miezi sita ya kwanza, tena kwa nusu tu ya mbingu. Kutoka 339 hadi hapo! Lakini mzazi wao wa kwanza alitoka Ngomeni, na ukiuliza darasani Migori au hata Malindi kwenyewe, ni wangapi watainua mkono?

WATOTO WASIO NA NYUMBA

ROSAT ilipofagia mbingu ilileta kitendawili. Wataalamu walizoea kuziona nyota changa ndani au kando ya mawingu zilimozaliwa. Ila kulikuwa na nyota moja, TW Hydrae, iliyo kama miaka 196 ya nuru kutoka hapa, yenye kila dalili ya utoto, na karibu yake hakuna wingu lolote. Ni kama kumkuta mtoto mchanga katikati ya uwanja wa ndege bila mama. Mwaka 1997 Joel Kastner na wenzake walionyesha kwamba nyota kadhaa zilizo eneo hilo zinatoa eksirei kali za ujana, na kwamba ni ndugu. Umri wao ni kama miaka milioni 10. Usishangae nikiuita utoto. Ukilinganisha maisha ya Jua na ya mtu wa miaka 46, nyota hizo ni watoto wa mwezi mmoja na siku chache.

Baada ya hapo makundi yalifuatana. Likatambulika la Beta Pictoris, likatambulika la AB Doradus, na mengine ambayo majina yake yatakupinda ulimi. Mengi yako karibu nasi kwa vipimo vya angani. Nyota AU Microscopii, ndugu ya Beta Pictoris, iko miaka 32 ya nuru tu. Mpaka wakati huo watu hawakujua kwamba Jua letu linapita katikati ya vijana, kama mzee anayetembea uwanjani wakati wa mapumziko ya shule.

Lakini homa pekee haitoshi kuwa cheti cha kuzaliwa. Nyota mbili za zamani zinazozungukana kwa karibu mno nazo huweza kuzungushana kwa kasi na kutoa eksirei, zikajifanya vijana. Watu tunawajua wazee wa namna hiyo. Ndipo inapohitajika hekima ya yule mzee wa Muhuru.

KUZIRUDISHA NYUMA

Nyota hazikai mahali pamoja. Zinakwenda, tena mbio, makumi ya kilomita kwa kila sekunde. Kwa sababu ziko mbali, mwendo huo kwa macho hauonekani hata uishi miaka mia. Wataalamu hupima mambo matatu. Kwanza umbali. Nyosha kidole gumba mbele ya uso, funga jicho hili kisha lile, utakiona kikiruka. Nyota iliyo karibu nayo huruka hivyo hivyo dunia inapohamia upande wa pili wa Jua, na kadiri inavyoruka zaidi ndivyo ilivyo karibu. Pili, jinsi inavyosogea kando mwaka baada ya mwaka. Tatu, kama inatujia au inatukimbia, na hilo unalijua tayari kwa masikio. Honi ya matatu inayokujia hulia kwa sauti kali, ikikupita hushuka. Nuru nayo hufanya vivyo, ya nyota inayokuja huelekea ubuluu, ya inayokwenda huelekea wekundu.

Kazi hiyo ilibadilishwa na setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia, iliyorushwa Desemba 2013 na kumaliza kutazama Januari 2025. Ilipima nyota karibu bilioni mbili. Ukali wa jicho lake umefananishwa na kupima unene wa unywele ukiwa kilomita 1,000. Yaani unywele uko Mombasa, wewe umepita Kampala.

Sasa chukua penseli, na kama kuna mwanafunzi nyumbani mwite. Kitu kinachokwenda kilomita moja kwa sekunde huchukua kama miaka 300,000 kumaliza mwaka mmoja wa nuru. Tuseme nyota mbili za ukoo mmoja zinaachana kwa kilomita 2 kwa sekunde, na leo kati yao kuna miaka 120 ya nuru. Zidisha 120 kwa 300,000, ugawe kwa 2. Umepata miaka milioni 18. Huo ndio wakati zilipokuwa pamoja, penye mti. Hesabu yenyewe ya wataalamu ni ngumu zaidi, kwa kuwa galaksi yetu nayo huzivuta nyota na kuzipindisha njia kama mkondo wa maji unavyopinda mashua, lakini kiini chake ndicho hicho.

Na makundi haya yakirudishwa nyuma yanaelekea wapi? Kadhaa kati ya yale machanga, la TW Hydrae likiwamo, inaelekea yalitoka pembeni mwa eneo kubwa la uzazi lililo upande wa Nge na Centaurus, umbali wa miaka kama 400 ya nuru. Agosti ile, saa tatu usiku, tulipokuwa tumeketi na mzee, Nge alikuwa juu karibu ya vichwa vyetu, mkia umejikunja kuelekea kusini. Tulikuwa tukiutazama ufuko wenyewe, na hatukujua.

SAA MBILI ZISIZOPATANA

Ungedhani mambo yamekwisha. La hasha. Hapa ndipo palipokuwa na ubishi wa miaka mingi, na kwangu ndipo patamu.

Kuna njia nyingine ya kujua umri wa nyota, nayo ni lithiamu, madini yale yale yaliyo kwenye betri ya simu yako. Nyota huzaliwa na lithiamu kidogo. Nyota ndogo huikoroga gesi yake kutoka juu hadi chini kama mpishi wa uji, na kila lithiamu inapofika chini kwenye joto la nyuzi milioni 2 na nusu huteketea. Kwa hiyo nyota ndogo iliyobaki na lithiamu ni changa, na ukijua ni nyota za ukubwa gani tayari zimeimaliza, unajua umri wa kundi zima.

Kwa kundi la Beta Pictoris, hesabu za mwanzo za mwendo, mnamo 2002 na 2003, zilitoa miaka milioni 12 hivi. Lithiamu ikasema milioni 21. Wengine kwa kutazama mng'ao na rangi wakapata 24. Si tofauti ya kupuuzwa. Kundi hilo lina sayari zinazochunguzwa sana, na usipojua umri wa mzazi huwezi kusema mtoto amekua haraka au polepole. Beta Pictoris yenyewe inazungukwa na sahani ya vumbi iliyopigwa picha 1984 na ina sayari mbili kubwa zinazojulikana. AU Microscopii ina sayari iliyotangazwa 2020, inayoizunguka kila siku 8 na nusu, karibu mno na moto huo wa eksirei, na swali kubwa ni kama hewa yake itabaki au itapeperushwa yote. Ni swali letu pia. Dunia hii ilikulia mbele ya Jua lenye homa kama hiyo, na hewa tunayovuta leo ina historia yake humo.

Mwaka 2020 Núria Miret-Roig na wenzake, wakiwa na vipimo vya Gaia mkononi, walirudisha kundi la Beta Pictoris nyuma upya na kupata miaka milioni 18 na nusu. Pengo likapungua, lakini halikufutika. Baadaye yeye na wenzake wakalinganisha saa hizi katika makundi sita, na wakaona jambo la ajabu. Saa ya mwendo iko nyuma ya saa ya mng'ao karibu kila mara, tena kwa kiasi kinachofanana, miaka milioni 5 na nusu hivi. Kosa la bahati mbaya lingekwenda huku na huku. Hili lilikwenda upande mmoja.

Maelezo yao yangemfurahisha yule mzee. Saa ya mwendo huanza kuhesabu mashua inapoondoka ufukoni. Haijui iliundwa lini. Ile saa nyingine husoma mbao zenyewe. Kati ya siku fundi alipopigilia msumari wa mwisho na siku mashua ilipoingia majini kuna muda wa kukaa mchangani. Kwa nyota, muda huo ni miaka milioni kadhaa ya kukaa pamoja, zikiwa zimeshikwa na uzito wa wingu mama, kabla wingu halijapeperushwa na kila mmoja kuachiliwa. Kumbe saa zote mbili zilikuwa kweli. Zilikuwa zikijibu maswali mawili tofauti.

Niliyaandika haya yote katika barua, kwa kalamu, nikampelekea mpwa wangu, naye akamsomea mzee. Jibu lilikuja kwa simu usiku, sauti ikikatikakatika kwa mtandao wa huko.

"Mjomba, Babu anauliza, Jua letu lilitoka na nani? Ndugu zake wako wapi?"

Swali zuri, jibu lake chungu kidogo. Jua nalo huenda lilizaliwa na ndugu wengi. Lakini tangu hapo limekwisha zunguka kitovu cha galaksi kama mara 20, na katika safari hiyo mikondo imechanganya njia kiasi kwamba haiwezekani kuzirudisha nyuma. Mbinu ya mzee hufaa kwa mashua zilizotoka jioni hii, si kwa zilizotoka mwaka jana. Wanaotafuta ndugu wa Jua hutazama mapishi, yaani nyota iliyo na madini yale yale kwa vipimo vile vile. Mwaka 2014 nyota HD 162826, iliyo umbali wa miaka 110 ya nuru, ilitajwa kuwa mmoja wao, na ubishi ukaendelea.

Nikamwambia pia asichoke kutazama. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wahenga wetu wa Pwani walikitumia kujua majira ya kulima, nacho ni ukoo wa vijana wenye eksirei, wa miaka milioni mia na kitu, umbali wa miaka kama 440 ya nuru. Mwezi wa Agosti huchomoza kaskazini mashariki mnamo saa saba usiku. Wavuvi wakirudi kabla ya alfajiri, upande wa kusini mashariki watamkuta Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao mbinguni ukiacha Jua. Beta Pictoris iko karibu naye, juu kidogo na kulia kwake saa hizo, hafifu lakini inaonekana kwa macho matupu mahali penye giza la kweli. Wewe wa mjini usiyeweza kukesha, ngoja katikati ya Februari, saa tatu usiku, nje ya mji. Suheli atakuwa kusini na Beta Pictoris magharibi yake kidogo.

"Nitaitafuta," akasema. Kisha, kabla laini haijakatika, "Mjomba, huyo Townsend, alisoma fizikia?"

Nikamwambia alisomea uhandisi wa umeme, na huwezi kuingia humo bila fizikia. Fomu yake ya kuchagua masomo anairudisha Ijumaa.